Busta haiongezi intaneti

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Nyumba yetu iko Goba, ina vyumba vinne vya kulala. Ruta ya faiba iko sebuleni, kifurushi ni cha Mbps 20. Vyumba vya nyuma waifai ilikuwa haifiki, fundi akatuwekea busta (kifaa kinachopokea waifai na kuirusha tena) chumba cha mwisho. Alama zikajaa, lakini video zinazunguka tu. Akarudi, akavuta waya mpaka huko na kufunga ruta ya pili. Sasa ndiyo balaa: simu ya mwanangu mara inashika vizuri, mara inaandika imeunganishwa lakini haina intaneti. Fundi anasema tununue busta ya antena sita au tupandishe kifurushi mpaka Mbps 50. Tufanye lipi?

JIBU: Dada yangu, hela ibaki kwenye pochi. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo viwili kitakachokusaidia, na bahati nzuri kitu cha maana kimeshafanyika nyumbani kwako: waya umevutwa. Fundi wako kapatia hapo, kisha kaharibu mwishoni.

Nianze na hizo alama zilizojaa, maana ndizo zinazowaliza watu kila wiki. Kiswahili chetu kimetuponza kidogo: kampuni ya simu tunaiita mtandao, intaneti mtandao, waifai ya sebuleni nayo mtandao. Mtu akiona alama zimejaa anasema "mtandao upo". Alama zile zinakuonyesha jinsi simu yako inavyoisikia busta iliyo mita mbili kutoka kitandani, basi. Busta yenyewe inaisikiaje ruta ya sebuleni, simu haijui. Na yako iliwekwa chumba cha mwisho, mahali ambapo mawimbi yalishakufa baada ya kupita kuta tatu za tofali. Ni sawa na kumpa kipaza sauti mtu aliyekaa nyuma kabisa asiyesikia hotuba, ukamwomba aitangaze upya. Atapiga kelele kweli, lakini atatangaza nini? Tena busta nyingi za bei rahisi zinapokea na kutuma kwa redio moja, kwa hiyo hata kile kidogo inachokipata, kasi yake hukatika karibu nusu kabla hakijakufikia. Antena sita haziondoi ukuta.

Kuhusu kifurushi, pima kabla ya kulipa. Chukua kompyuta, ichomeke kwa waya kwenye ruta ya sebuleni, pima kasi. Ukipata 18 au 19, kampuni inakupa ulicholipia. Kisha pima kwa waifai ukiwa chumba cha nyuma. Ukikuta 3, huko kwenda Mbps 50 ni kuongeza tanki juu ya paa wakati bomba la jikoni limeziba.

Sasa ruta ya pili. Kwa dalili ulizoeleza, naona fundi kachomeka waya kwenye tundu la LAN (la vifaa vya ndani ya nyumba) akaondoka, bila kugusa mipangilio. Huenda ruta mbili hizo zote zinajiita 192.168.1.1, yaani zina anwani moja ndani ya nyumba, na zote zinagawa anwani kwa kila simu inayoingia. Simu ya mwanao ikihudumiwa na ile ya sebuleni, inatoka nje vizuri. Ikihudumiwa na ya chumbani, inaelekezwa mlango ambao hauna njia nyuma yake, ndiyo maana inaandika haina intaneti.

Dawa yake ni bure. Chomoa waya unaotoka sebuleni, ingia kwenye ruta ya chumbani peke yake, ibadilishe anwani iwe 192.168.1.2, zima DHCP (ile kazi ya kugawa anwani), hifadhi, kisha rudisha waya tundu lilelile la LAN. Hakikisha tu kwamba ya sebuleni haimpi mtu mwingine hiyo namba 2. Ipe waifai jina na neno la siri sawa na la sebuleni, simu zitahama zenyewe ukitembea ndani. Kwenye bendi ya 2.4 GHz, ruta moja iwe chaneli 1, nyingine 6 au 11, zisipigane.

Nikiwa hapo hapo kwenye waya: fundi akija kuvuta mwingine, kwangua uzi mmoja kwa wembe mbele yake. Shaba halisi ni nyekundu mpaka ndani. Ukiona weupe, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba.

Na hao wanaokupakulia programu ya "kuongeza nguvu ya waifai" kwenye simu, wafukuze. Hakuna programu inayoongeza nguvu ya mawimbi ya ruta iliyo sebuleni. Kazi yake ni kukuonyesha matangazo, na nyingine zinachukua zaidi ya hapo.

Ila kinachonikera kuliko busta zote ni neno la siri. Niliwahi kuitwa Kimara, mwenye nyumba akanitajia neno la siri la kuingilia mipangilio ya ruta: namba ya simu ya fundi aliyeifunga. Miezi miwili baadaye, nyumba nyingine kabisa, namba ileile. Fundi huyo ana ufunguo wa nyumba ngapi? Wengine hawajisumbui hata hivyo, wanaiacha admin na admin kama ilivyotoka kiwandani. Mwaka 2016 kirusi cha Mirai kiliteka kamera na ruta za majumbani kwa maelfu kwa kujaribu maneno hayo hayo ya kiwandani, na mwezi Oktoba vifaa hivyo vikatumika kuangusha tovuti kubwa za Marekani. Wenye nyumba wengi hawakujua lolote.

Kwa hiyo ukishaingia kwenye hizo ruta zako mbili kurekebisha anwani, badilisha neno la siri la mipangilio, na WPS (njia ya kuunganisha kifaa bila kuandika neno la siri) izime kote kote. Neno hilo la siri fundi asipewe. Akirudi na hoja ya antena sita, mwombe kwanza apime kwa waya mbele yako.