Pingili ya kiuno imesogea? Usikimbilie kisu, na usikimbilie kukandwa

Akina mama wenzangu wa soko la Mwaloni pale Kirumba, Mwanza, tunaoinamia dagaa kutwa nzima, wengi mmeniuliza habari za mgongo, basi leo naandika. Mimi ni pingili (mfupa wa uti wa mgongo) ya nne ya kiuno imeteleza mbele ya ile ya tano, hiyo ndo inatupata sana wanawake tukishavuka 50 sababu viungo vya mgongo vinakuwa vimelika. Kwa vijana mara nyingi ni ya tano, kuna kamfupa ka nyuma kanapata ufa.

Ukienda eksirei omba upigwe umesimama, maana ukilala inaweza kurudi kidogo isionekane vizuri. Muulize daktari imesogea kiasi gani. Daraja la kwanza haizidi robo ya upana wa pingili ya chini yake, la pili mpaka nusu, la tatu mpaka robo tatu, la nne ni zaidi ya hapo. Alafu uliza kubwa kuliko yote, neva (mshipa wa fahamu) imebanwa? Kuna mtu picha yake inatisha na anapanda mlima wa Bugarika kila siku bila shida, mwingine imesogea kidogo tu ila akitembea miguu inakufa ganzi mpaka akae chini.

Yangu ni daraja la kwanza. Nimeacha kubeba ndoo, dawa za maumivu kwa muda mfupi (diklofenaki jamani msizile kama karanga, tumbo na figo zinaumia), na mazoezi ya fiziotherapia ya kukaza misuli ya tumbo na makalio. Hapo kwenye mazoezi ndo penye tiba yenyewe na ndo watu wanapokata tamaa mapema, wiki mbili anasema hayasaidii, wakati misuli inataka miezi. Sindano ya steroidi mgongoni inatuliza mguu unaowaka moto kwa muda, ila pingili hairudi.

Kuvutwa na kukanyagwa mgongo mtaani, hapana, nawaomba sana.

Opareshoni ni kwa ambaye mazoezi yamegoma au neva inazidi kubanwa. Wanaondoa kinachobana, na wengi wanafungwa skrubu na vyuma ili pingili ziungane, na kama unavuta sigara acha kabla, mfupa unagoma kuunga. Rufaa ya kwetu ni Bugando, au MOI, taasisi ya mifupa kule Muhimbili, Dar es Salaam.

Ila mkojo ukigoma kutoka au ukitoka wenyewe, ukapata ganzi sehemu za siri, au mguu ukalegea ghafla, hata iwe usiku wa manane tafuta bajaji uende hospitali, usisubiri tarehe ya kliniki.