Nazi Iliyoganda, Kolesteroli na Nundu ya Ngamia: Mwalimu Anajibu

Je, lipidi ni jina la darasani tu la mafuta ya kupikia? (Mwanafunzi, Morogoro)

Mafuta ya kupikia ni lipidi, lakini katika kundi la lipidi mna pia nta ya nyuki, kolesteroli, fosfolipidi za utando wa seli na vitamini A, D, E na K. Maumbo yake hayafanani; kinachoziweka katika kundi moja ni kwamba zote haziyeyuki katika maji, au huyeyuka kwa shida sana. Anayetaka kuzielewa na aanze na maumbo hayo, asianze na tangazo la dukani.

Mafuta ya nazi niliyonunua Mombasa yalikuwa majimaji, lakini yalipofika Nairobi mwezi wa Julai yaliganda kama samli. Nimeuziwa yaliyochakachuliwa? (Msomaji, Nairobi)

Ulichobadilisha ni hali ya hewa tu. Mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, na jikoni kwako asubuhi ya Julai hapafiki huko. Kila molekuli ya mafuta ina gliseroli iliyobeba minyororo mitatu ya asidi za mafuta. Mnyororo ulioshiba hidrojeni hunyooka kama ufito, na fito zilizonyooka hulala zikabanana. Hapo ndipo mafuta yanapoganda. Mnyororo wenye kifungo maradufu, yaani pale kaboni mbili zinaposhikana mara mbili kwa kupungukiwa hidrojeni, hupinda penye kifungo hicho, na fito zilizopinda, kama ajuavyo kila aliyewahi kufunga mzigo wa kuni, hazibanani. Alizeti imejaa minyororo iliyopinda. Katika nazi, zaidi ya asilimia 80 imeshiba, na karibu nusu ya yote ni asidi ya lauri yenye kaboni 12.

Usigeuze kuganda kuwa cheti cha usafi, maana mawese nayo huganda, na mchuuzi anayechanganya hayo mawili hatanaswa kwa kipimo hicho. Jambo hukuuliza, lakini nitalisema: viwanda vikiyashibisha mafuta ya mimea hidrojeni nusunusu ili yagande, huzaliwa mafuta ya transi, ambayo kifungo chake maradufu kimebaki lakini mnyororo umenyooka. Hayo huharibu mishipa ya moyo, na mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani liliyataka mataifa yote yayaondoe katika vyakula. Soma lebo ya mafuta ya mgando kabla ya kusoma bei.

Je, maji ya moto yenye limau huyeyusha mafuta ya tumboni? (Wasomaji wengi)

Hapana. Nimelijibu swali hili mara tatu, na limau halijabadilika.

Nimepimwa nikaambiwa kolesteroli iko juu. Nimehamia mafuta ya alizeti yaliyoandikwa kuwa hayana kolesteroli. Je, yatatosha? (Mama, Dodoma)

Mama, chupa hiyo imekuambia ukweli usio na faida. Mimea haina kolesteroli ya kuhesabika, kwa hiyo maandishi hayo ni sawa na kuandika juu ya gunia la mchele kwamba halina mifupa. Kuhama kwenye mafuta yaliyoshiba kunasaidia kweli, ila kwa sababu ya ile minyororo niliyoieleza hapo juu, kwa kuwa iliyoshiba hupandisha kolesteroli ya damuni hata pale chakula chenyewe kisipokuwa nayo.

Sehemu kubwa ya kolesteroli hutengenezwa na mwili wenyewe, ini likiwa fundi mkuu, na wanaoiita sumu wanaionea. Molekuli hii ya pete nne ni malighafi ya chumvi za nyongo, ya vitamini D, ya homoni iitwayo kotisoli na ya homoni za uzazi za mke na mume. Tatizo liko kwenye usafiri. Damu ni maji, hivyo kolesteroli hubebwa ndani ya vifurushi vya protini na mafuta: LDL huipeleka kwenye tishu, na vikizidi hupenya na kukwama katika kuta za mishipa, HDL huirudisha kwenye ini. Wanaotaja kolesteroli nzuri na mbaya wanazungumzia molekuli ile ile, iliyopanda magari mawili. Kama daktari amekuandikia dawa, usiiache kwa ajili ya chupa.

Shikamoo Mwalimu. Tunafundishwa kwamba utando wa seli una matabaka mawili ya fosfolipidi. Ilijulikanaje ilhali hayaonekani kwa macho? (Kidato cha tano, Tanga)

Marahaba, na hili ndilo swali nililolingoja. Mwaka 1925, huko Leiden, Uholanzi, watafiti Gorter na Grendel walitoa mafuta katika chembe nyekundu za damu, wakayatandaza juu ya maji yawe tabaka moja. Eneo lake lilikuwa mara mbili hivi ya eneo la chembe zenyewe, wakahitimisha kwamba mafuta yamelala mawili mawili. Baadaye ilibainika kwamba hawakuyatoa yote, na kwamba eneo la chembe nalo walilipunja. Makosa mawili yakafutana, bahati ambayo usiitegemee kwenye mtihani.

Fosfolipidi ina gliseroli ile ile, lakini nafasi ya mnyororo wa tatu imechukuliwa na kichwa chenye fosfeti, kinachopenda maji, huku mikia miwili ikiyakimbia. Kwa kuwa ndani ya seli ni maji na nje ni maji, vichwa hutazama pande zote mbili na mikia hujificha katikati. Jambo hilo hilo utaliona jikoni. Tikisa siki na mafuta katika chupa: vitaachana muda mfupi baada ya kuiweka mezani. Ongeza kiini cha yai, chenye fosfolipidi iitwayo lesithini, ukoroge kwa nguvu. Utapata urojo mzito usioachana, kwa sababu mikia imezama katika matone ya mafuta na vichwa vimeshikana na siki.

Nundu ya ngamia ni tangi la maji? (Msomaji, Garissa)

Ni ghala la shahamu. Gramu moja ya mafuta hutoa kilokalori 9, ya wanga 4. Kondoo wa mkia mnene nao wana ghala kama hilo, na hakuna anayeuita mkia wao tangi.

Mama mkwe ananiagiza niyachemshe mawese mpaka yawe meupe ndipo nimpikie mtoto. Ni sahihi? (Msomaji, Kigoma)

Mweleze kwa adabu kwamba wekundu ule ni karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, na kwamba kuyafanya meupe ni kuiunguza. Karotini haifyonzwi vizuri pasipo mafuta, na mawese yamekuja na vyote viwili. Yasigeuzwe dawa, maana karibu nusu ya minyororo yake imeshiba. Kijiko kidogo kwenye mchicha wa mtoto kinatosha. Kama kinachomkera mama mkwe ni harufu, kaangia kitunguu kwa moto mdogo.