Kamati ya watu wenye ulemavu Kigoma: namna ya kuifanya imsikie mtoto

Mzazi wa mtoto mwenye ulemavu akifikisha shida yake ofisi ya kijiji, jibu analolipata mara nyingi ni "tumelichukua". Neno hilo halina tarehe wala fungu la fedha, na hakuna anayebeba jukumu lake. Makala hii inahusu namna ya kulivusha hadi liwe hoja yenye namba, iliyoandikwa kwenye muhtasari wa kikao na kupangiwa fedha.

Msingi upo kisheria. Sheria ya Watu wenye Ulemavu Na. 9 ya mwaka 2010 iliunda Baraza la Taifa la Ushauri kwa Watu wenye Ulemavu, na chini yake kuna kamati za watu wenye ulemavu kuanzia kijiji au mtaa, kata, halmashauri hadi mkoa. Kigoma yenye halmashauri nane, kuanzia Kakonko na Kibondo hadi Uvinza na Manispaa ya Kigoma Ujiji, inatakiwa kuwa na kamati hizi kila ngazi. Mahali pengine zimeundwa, zikapigwa picha, zikaishia hapo.

Lieleweke mapema: kamati hizi zinashauri. Hazisaini hundi, haziajiri mwalimu wa elimu maalum, hazimwamrishi mganga mfawidhi. Wazazi wengi huvunjika moyo kwa sababu wanaiendea kamati kama ofisi ya misaada, wakitegemea kutoka na kitimwendo mkononi. Kazi yake ni kufikisha hoja kwenye kikao chenye fedha kabla fedha haijagawanywa. Ukiielewa hivyo utaitumia tofauti kabisa.

Kuna pengo moja linaloumiza watoto moja kwa moja. Wajumbe huwa watu wazima wenye ulemavu, na ni haki yao, lakini mtu mzima asiyeona hawezi kumsemea mtoto wa miaka minne mwenye mtindio wa ubongo ambaye hajaanza kukaa. Ombeni kiti cha mzazi au mlezi, na kisiwe kimoja. Mzazi wa mtoto kiziwi na mzazi wa mtoto mwenye usonji hawabebi mzigo mmoja. Ombi hilo lipelekwe kwa maandishi kwa mtendaji wa kijiji na lisomwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji, ambao hufanyika kila baada ya miezi mitatu. Likiishia mdomoni, mwenyekiti akibadilika nalo linapotea. Na mtoto mwenyewe asisahaulike: Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa haki ya kutoa maoni yake. Binti wa miaka 12 anayetumia magongo anajua kuliko mjumbe yeyote ni kona ipi ya njia ya shule inayomwangusha wakati wa masika. Mfuateni nyumbani mumsikilize kwa utulivu. Msimsimamishe mbele ya mkutano watu wamwangalie.

Sasa rejista, yaani daftari la kuwaandika watoto wenye ulemavu kijijini. Hapa ndipo kamati nyingi hushindwa, na tunaliona kuwa jambo zito kuliko mengine yote. Mjumbe anapita kaya kwa kaya akiuliza, "Kuna mlemavu hapa?" Anajibiwa hakuna, anaondoka, na nyuma ya nyumba amelala mtoto wa miaka saba. Swali ndilo lenye kosa. Linamtaka mama ambandike mtoto wake jina mbele ya mgeni. Tena wanaohesabiwa huwa wale wanaoonekana kwa macho, yaani wenye ulemavu wa viungo, wasioona na wenye ualbino. Mtoto asiyesikia anaitwa mkaidi, mwenye usonji anaambiwa amelelewa vibaya, na mwenye kifafa hatajwi kabisa.

Ulizeni kuhusu ugumu anaoupata. UNICEF na Kundi la Washington, kundi la wataalamu wa takwimu za ulemavu chini ya Umoja wa Mataifa, wameandaa maswali ya namna hiyo, seti moja kwa watoto wa miaka 2 hadi 4 na nyingine kwa wa miaka 5 hadi 17. Mnauliza kama mtoto, akilinganishwa na wenzake wa umri wake, anapata ugumu kuona, kusikia, kutembea, kueleweka anapozungumza, kujifunza mambo, na kadhalika. Majibu ni manne: hapati ugumu, anapata kidogo, anapata mkubwa, hawezi kabisa. Akiwa na ugumu mkubwa au hawezi kabisa katika jambo lolote, aandikwe na apelekwe kupimwa. Mahali ambapo bibi ndiye mlezi na Kiswahili chake ni cha shida, ulizeni kwa Kiha, na mkubaliane maneno kabla ya kutoka, maana kila mjumbe akitafsiri kivyake mtarudi na majibu yasiyolingana.

Ukurasa wa rejista uwe na safu hizi: namba ya mtoto, umri, jinsi, kitongoji, ugumu na kiwango chake, kama anasoma na kama hasomi ni kwa nini, kifaa alichonacho na kama kinafanya kazi, huduma anayoihitaji, tarehe ya kuandikwa. Safu ya "kwa nini" ndiyo inayozaa hoja. "Hasomi" peke yake haisaidii kitu. "Hasomi, choo cha shule kina ngazi tatu" ni kazi ya fundi.

Majina yakae kwenye daftari la pili, lifungiwe kabatini, ufunguo uwe kwa watu wawili. Kikaoni zitumike namba. Hili si urasimu. Katika ukanda huu wa magharibi na Kanda ya Ziwa watu wenye ualbino, watoto wakiwemo, wameshambuliwa na kuuawa, ndiyo maana watoto wengi walipelekwa kuishi kwenye vituo kama Kabanga, Kasulu. Orodha yenye jina, umri na kitongoji cha mtoto mwenye ualbino isibandikwe ubaoni hata siku moja, na isitumwe kwenye kundi la WhatsApp.

Kutoka kwenye rejista chagueni hoja moja kwa robo mwaka, au mbili zikizidi. Kamati inayopeleka madai kumi na tano kwa mpigo huondoka na "tumelichukua" ileile. Hoja itoshe ukurasa mmoja: watoto wangapi, wa umri gani, kikwazo ni nini, kinatatuliwaje, gharama ni kiasi gani, nani atatekeleza. Gharama msiibuni. Mwombeni mhandisi wa halmashauri makisio, kwa barua kupitia mtendaji wa kata.

Tuchukue mfano wa rampu, yaani njia ya mteremko badala ya ngazi, ya choo cha shule, maana ndiyo huombwa zaidi na ndiyo huharibiwa zaidi. Kipimo ni 1 kwa 12: kila sentimita 1 ya kimo inahitaji sentimita 12 za urefu. Sakafu ikiwa juu ya ardhi kwa sentimita 45, rampu iwe na urefu wa sentimita 540, yaani mita 5.4. Fundi akiona hivyo hushangaa, anajenga mita mbili kwa matofali yaliyobaki darasani, na mteremko unakuwa mkali karibu mara tatu ya unaofaa. Mtoto hawezi kujisukuma, na akisukumwa kiti kinataka kupinduka kinyumenyume. Upana usipungue sentimita 90, kingo ziwe na ukuta mdogo ili gurudumu lisichomoke, na juu mbele ya mlango pawe na sehemu tambarare ya mita 1.5 kwa 1.5, la sivyo mtoto atashika mlango huku kiti kikirudi nyuma. Msikubali saruji ipigwe pasi ikalainika, kwani mvua za Kigoma zitaigeuza utelezi. Ipigwe fagio ikiwa mbichi. Mlango ufungukie nje. Ukifungukia ndani, kiti kikishaingia haufungi tena, na binti mkubwa atashinda na kiu siku nzima kuliko kwenda choo kisichofungika.

Hoja nyingine ambayo kamati huisahau ni nauli. Mtoto aliyezaliwa na nyayo zilizopinda hutibiwa kwa plasta inayobadilishwa kila wiki, kwa kawaida mara tano hadi nane, kisha huvaa viatu maalum vilivyounganishwa kwa fimbo ya chuma saa 23 kwa siku kwa miezi mitatu, baadaye wakati wa kulala mpaka miaka minne au mitano. Plasta ni ya hospitali, safari ni ya mama. Kwa familia ya mwambao kama Kagunga inayotegemea boti kufika mjini, matibabu hukatikia plasta ya tatu, mguu unarudi ulivyokuwa, kisha inasemwa mzazi ni mzembe. Andikeni idadi ya safari, nauli ya kwenda na kurudi, na idadi ya watoto. Afisa ustawi wa jamii akiwa na hesabu hiyo ana cha kutetea mbele ya Mkurugenzi.

Kalenda ndiyo inayoua hoja nzuri. Mwaka wa fedha huanza Julai 1, lakini mipango ya vijiji na kata huandaliwa miezi mingi kabla, kwa kawaida kati ya Oktoba na Desemba, ndipo ifike Baraza la Madiwani mwanzoni mwa mwaka wa kalenda. Hoja ya Mei imechelewa mwaka mzima. Kwa hiyo rejista ikamilike Agosti, kabla mvua hazijafunga njia, makisio yaombwe Septemba, na Oktoba hoja iwe mezani kwa Kamati ya Maendeleo ya Kata. Diwani ni mwenyekiti wa kikao hicho. Mpelekeeni nakala wiki moja kabla, msimshtukize.

Kikao kikiisha, msiondoke bila kujua hoja imeandikwaje. "Wajumbe walijadili suala la watoto wenye ulemavu" ni sentensi iliyokufa. Ombeni iandikwe: imeazimiwa nini, nani atatekeleza, lini. Ndipo kikao kinachofuata, ajenda ya yatokanayo itamlazimu mhusika kujibu. Mjumbe mmoja atunze nakala zenye sahihi, kwani watendaji huhamishwa na mafaili huhama nao.

Hoja iliyoshindikana kwenye kata ipande halmashauri ikiwa na muhtasari unaoonyesha ilikwamia wapi, kisha mkoa. Vyama vya SHIVYAWATA, shirikisho la vyama vya watu wenye ulemavu Tanzania, vina sauti huko juu, na mnapohitaji mkalimani wa lugha ya alama, waulizeni CHAVITA, chama cha viziwi Tanzania, mapema, si asubuhi ya kikao.

Na kama kijijini kwenu kamati haipo, wazazi watatu wanatosha kuanza. Andikeni barua kwa mtendaji wa kijiji, mtaje Sheria Na. 9 ya 2010, mwombe uundaji wa kamati uwe ajenda ya mkutano mkuu ujao, nakala kwa mtendaji wa kata na afisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Pelekeni nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, mrudi nayo nyumbani.