Michango ya hiari pekee haitoshi

Ndugu, umeuliza kama wenye maduka wanaweza kuiinua barabara yao iliyopoa bila kungoja manispaa. Wanaweza kuanza, ila hawafiki mbali peke yao. Tazama Bloor West Village, mjini Toronto, Kanada. Miaka ya 1960 maduka makubwa ya kisasa yaliwavuta wateja, kisha treni ya chini ya ardhi ikawachukua abiria waliokuwa wakipita na tramu mbele ya maduka yao. Chama cha wafanyabiashara kilikuwapo, lakini walichanga wachache wakafaidi wote. Wakadai sheria ya kumfanya kila mmoja achange. Mwaka 1970 likaundwa eneo la kwanza duniani linaloendeshwa hivi: kila biashara iliyo ndani ya mipaka hulipa tozo, jiji huikusanya na kuikabidhi bodi ya wafanyabiashara wenyewe. Walianza na taa, maua na mabenchi. Leo Toronto ina maeneo kama hayo zaidi ya 80.

Kwenu anzeni na kipande kifupi, na wapangaji na wamachinga wawemo kikaoni tangu siku ya kwanza. Barabara ikichangamka pango hupanda, na hao ndio huumia mapema. Hilo liandikeni kwenye makubaliano na wenye majengo kabla hamjanunua hata taa moja.