CHF ya 30,000 kwa kaya: nilichokiona nikipita na dodoso

Mleta mada ameuliza kama amkatie mama yake mwenye presha CHF iliyoboreshwa, yaani bima ya afya ya jamii, kule kijijini, kwa bei aliyoitaja ya 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu 6. Akaongeza kwamba majirani wasiokata ni wajinga. Mkuu, mkatie. Ila hao majirani usiwaite wajinga, nimekaa nao.

Nimewahi kukusanya takwimu kwenye utafiti wa gharama za matibabu ngazi ya kaya. Swali mojawapo: mwezi uliopita mlitumia shilingi ngapi kwa matibabu? Mzee mmoja akanijibu, "Elfu tano, ya dawa." Nikaandika. Tunaagana mlangoni, mkewe akasema taratibu kwamba bodaboda kwenda na kurudi ilikula elfu kumi na mbili, na mbuzi waliuza usiku uleule kwa bei ya kutupa. Nikarudi kukaa, nikafungua dodoso upya. Tangu siku ile nilikuwa naanza na nauli.

Nauli hailipwi na kadi. Na dawa zikikosekana, mwenye kadi analipa mara mbili. Mama yangu mwenyewe kadi anayo. Miezi mitatu mfululizo alipimwa zahanati, akaandikiwa dawa, dirishani akaambiwa hakuna, akanunue nje. Hakutuambia. Akawa anakata vidonge kwa wembe, nusu kwa siku, ili vifike mwisho wa mwezi. Nilizikuta nusu zile kwenye kikopo cha mafuta ya kujipaka. Tulipompima presha ilikuwa 190 kwa 110. Iliniuma sana, maana mimi ndiye niliyekuwa nawauliza watu wengine maswali hayo.

Kuna utafiti wa Oregon, Marekani, ambao huwa naukumbuka. Mwaka 2008 jimbo lile lilikuwa na nafasi chache za Medicaid, bima ya serikali ya wenye kipato kidogo. Watu wapatao 90,000 wakajiandikisha, ikachezeshwa bahati nasibu, watafiti wakawalinganisha waliopata na waliokosa. Baada ya miaka kama miwili, waliopata walikuwa wanamwona daktari zaidi, madeni ya matibabu yamepungua, sonona (ugonjwa wa huzuni nzito) imepungua. Presha na sukari hazikuonyesha tofauti ya kutegemewa kitakwimu. Wapo wanaosema basi bima haina kazi. Sikubaliani nao hata kidogo. Madeni kupungua, mtu akabaki na mbuzi wake, ni jambo kubwa. Lakini presha inashuka kwa kidonge kilichomezwa kila siku, na kati ya kadi na kidonge kuna dirisha la dawa.

Kwa hiyo kabla hujalipa, nenda zahanati anayotibiwa, uliza kama dawa yake ilikuwepo miezi mitatu iliyopita. Kama haikuwepo, mkatie hivyohivyo, ila mtumie hela ya dawa na nauli kila mwezi. Na ukienda likizo, mwombe akuonyeshe vidonge.