Kabla ya Kushika Msumeno: Kwa Wadogo Zangu wa Karakana ya Manowari

Jumamosi iliyopita nilisimama mlangoni mwa karakana yetu ya kujenga mifano ya manowari karibu nusu saa, nikiwatazama wanachama wapya wa kidato cha pili wakibishana kama mizinga saba mikubwa ya manowari Hawkins ipakwe kijivu kilichokolea au kilichofifia. Wakati huo bwana mmoja wa makamo, aliyetoka Kisauni mapema asubuhi, alikuwa ameketi kwenye benchi la nje na bahasha ya kaki mapajani. Ndani ya bahasha mlikuwa na picha ya babu yake, askari wa Keya, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki. Hakuna aliyemwamkia, sembuse kumwuliza jina la babu yake. Ninawapenda, wadogo zangu, na mikono yenu ni mizuri kuliko yetu tulipoanza, lakini kosa hilo nimelitenda mimi kabla yenu na sitaki kulitazama tena nikiwa nimenyamaza.

Kwanza, vipimo. Michoro ya manowari za Waingereza imeandikwa kwa futi na inchi, kwa hiyo badilisheni hesabu zote kwa siku moja, mtu mmoja akokotoe na mwingine ahakiki. Manowari Petard yenye urefu wa mita 105 inakuwa sentimita 52 na nusu kwa kipimo chetu cha 1:200, na Hawkins yenye mita 184 inakuwa sentimita 92. Mkipata tofauti na hapo, msikate ubao.

Pili, msasa hupigwa kufuata nyuzi za mbao kuanzia omo hadi tezi, na wakati wa masika gundi iachwe ilale usiku mzima, hata kama inaonekana imekauka.

Tatu ndilo lililonifanya niandike. Nilipokuwa kidato cha tatu nilikabidhiwa Petard, nami nikaipenda mno. Nilisoma kwamba mwezi wa Oktoba 1942 mabaharia wake waliingia ndani ya nyambizi ya Kijerumani, U-559, iliyokuwa ikizama katika Bahari ya Mediterania, wakatoa vitabu vya siri vilivyowasaidia Waingereza kufumbua maandishi ya Enigma, mashine ya Wajerumani ya kuandikia ujumbe wa siri, na wawili kati yao wakazama nayo. Nilisoma pia kwamba ilizamisha nyambizi za mataifa matatu: Ujerumani, Italia na Japani. Ile ya Japani, I-27, ndiyo iliyoipiga meli ya askari Khedive Ismail kwa torpido mchana wa tarehe 12 Februari 1944 karibu na visiwa vya Maldivi, siku chache baada ya msafara wake wa meli tano za askari kung'oa nanga hapa hapa Kilindini kwenda Colombo. Nikaamua kuionyesha Petard ikiwa inalipiza kisasi. Nikafinyanga bahari ya plasta, na mahali yalipokuwa yakipasuka mabomu ya kulipulia nyambizi nikasimamisha nguzo za maji kwa pamba niliyoilowesha gundi. Kila aliyepita mezani alizisifu nguzo zile.

Siku ya maonyesho alikuja bibi mmoja aliyejifunga leso ya buluu, ameshikwa mkono na mjukuu wake. Nikamwamkia, akaitikia. Baba yake alikuwa mmoja wa askari 996 wa Kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki waliopanda Khedive Ismail, naye wakati huo alikuwa bado tumboni mwa mama yake. Aliizunguka meza polepole, kisha akaniuliza, "Mwanangu, baba yangu yuko wapi hapa?" Nikamweleza kwamba meli ya baba yake haimo, kwa sababu ilizama katika muda usiofika dakika mbili, na kwamba hii ndiyo manowari iliyomwadhibu adui. Nilieleza kwa kirefu, hata majina ya mitambo nikayataja. Alinisikiliza mpaka nilipomaliza, kisha akanyoosha kidole kikagusa pamba. "Na hapa majini, palikuwa na nani?"

Jibu nilikuwa nalo. I-27 ilijificha chini ya watu walioponea meli ilipozama, na mabomu yalirushwa watu hao wakiwa bado wanaelea. Nilikuwa nimelisoma jambo hilo, tena zaidi ya mara moja, nikaliacha kwa sababu kichwa cha mtu kwa kipimo cha 1:200 hupungua hadi kama milimita moja, na nilijiambia kwamba hakuna atakayekiona. Nikamjibu kwamba palikuwa na watu. Hakunigombeza. Aliurudisha mkono ndani ya leso, akaomba kiti.

Usiku ule niling'oa pamba yote. Nikamwomba mama konzi ya ulezi, na kwa majuma matatu nikawa nabandika punje moja moja kwa kibano. Katika meli ile walikuwamo watu 1,511. Walikufa 1,297 na kuokolewa 214. Punje 214 nilizipaka rangi nyeupe kwa ncha ya sindano, na nyingine nyingi nikaziacha na wekundu wake wa asili, kwa ajili ya wale walioelea lakini hawakufikiwa. Bibi aliporudi mwaka uliofuata, aliinama mezani muda mrefu, akauliza ipi ni ya baba yake. Nilimwambia achague yeye. Akachagua moja nyekundu iliyokuwa pembeni kabisa, mbali na nyingine, na kila alipokuja baada ya hapo alikwenda moja kwa moja penye punje hiyo.

Kwa hiyo, mtu akija na jina, mwulizeni kwanza mzee wake aliitwaje nyumbani, alikuwa kikosi gani, na siku ile alikuwa sehemu gani ya meli. Yaandikeni majibu daftarini kama alivyoyasema. Mkishayajua hayo mtajua ni meli ipi ya kujenga, mlango upi uachwe wazi na boti ipi iwe tayari imeshushwa. Huenda mtagundua pia kwamba rangi ya mizinga inaweza kusubiri.

Nne, kibao cha maelezo kianze na majina ya watu, jina la meli lifuate, na tahajia iwe ile inayotumiwa na familia.

Yule bwana wa Kisauni nimemwomba radhi kwa niaba yetu, naye amekubali kurudi Jumamosi hii saa tatu asubuhi. Nataka akute kiti kimewekwa ndani, chai imemiminwa, daftari limefunguliwa, na msumeno bado umetundikwa ukutani.