Kilomita Hazikuambii Utafika Saa Ngapi

Safari yangu ya kwanza ndefu ya ndege niliipigia hesabu kama ya basi. London hadi New York ni kama kilomita 5,540, ndege inakwenda kama kilomita 900 kwa saa, basi kwa saa sita na ushei nimeshafika. Tiketi ikaja na maajabu yake: kuondoka 11:00, kutua 14:00. Saa tatu tu! Kumbe kila saa iliyoandikwa pale ni ya mji husika, na New York iko nyuma ya London kwa saa tano. Tulikaa kitini saa nane.

Sasa zile mbili za ziada zilitoka wapi? Sehemu ni foleni ya kuruka na kutua, maana muda wa tiketi huhesabiwa tangu ndege inapoanza kusogea uwanjani hadi inapoegeshwa. Mwizi mkubwa ni upepo. Kule juu kuna mkondo wa upepo mkali unaovuma kutoka magharibi kwenda mashariki; ukielekea Marekani unapambana nao, ukirudi unakubeba, ndiyo maana kurudi ni kama saa saba. Februari 2020 ndege moja ya abiria ilisukumwa na dhoruba ikatoka New York hadi London kwa saa 4 na dakika 56. Usiipangie ratiba bahati ya namna hiyo.

Umbali nao usiupime kwa rula kwenye ramani ya ukutani. Chukua tufe na uzi, uvute ukaze kati ya miji hiyo miwili: utaona unapinda kuelekea kaskazini. Hiyo ndiyo njia fupi, na marubani huifuata wakiruhusiwa. Wasiporuhusiwa, wanazunguka. Helsinki hadi Tokyo ilikuwa kama saa tisa. Tangu anga ya Urusi ifungwe kwa ndege za Ulaya mwaka 2022, imekuwa kama kumi na tatu. Miji haijasogea hata hatua moja.

Kwa hiyo mimi siku hizi kilomita nazisoma kwa kujifurahisha tu. Ninachouliza ni muda wa safari nzima, pamoja na kusubiri ndege ya kuunganisha, na sikubali kusubiri chini ya saa mbili. Tena nanunua tiketi moja ya safari yote. Ukiwa na tiketi mbili tofauti, ya kwanza ikichelewa, ya pili ni hasara yako.

Halafu tarehe. Sisi tuliozoea kuhesabu usiku kuanzia jioni, 00:40 ya tarehe 15 inatuponza, kwa sababu ni usiku wa kuamkia tarehe 15. Mimi nilifika uwanjani jioni ya tarehe 15 yenyewe, begi limefungwa vizuri, pasipoti mkononi, nimewahi hadi najisifu. Dada wa kaunta akaitazama tiketi, akanitazama mimi, akairudia tiketi.

"Kaka, hii iliondoka usiku wa kuamkia leo."